Rikidozan na Mwenziwe: Ni Nani Huamua Jozi Ikumbukwe Vipi?

Wasomaji waliokuwa shuleni katika miaka ya tisini hawahitaji kuelezwa kwa urefu mieleka ya wawili wawili ni nini. Wawili huungana dhidi ya wawili. Mmoja hupigana ulingoni, na mwenziwe husimama nje ya kamba, mkono ameunyosha, akingoja kuguswa ili aingie. Kwa wasioijua, hilo ni suala la zamu tu. Kwa waijuao, swali kubwa ni jingine: ni nani huingia wakati watazamaji wanaposhangilia, na ni nani huachwa ndani wakati wa kubwagwa? Mieleka ya kulipwa, kama ijulikanavyo, ni mchezo ambao matokeo yake hupangwa kabla kengele haijalia. Anayebwagwa huwa ameamuliwa abwagwe, na aghalabu mwenye kuamua ni yule yule anayeshangiliwa.

Husemwa kwamba sifa ya jozi hupimwa kwa mikanda iliyotwaa na kwa miaka iliyodumu. Mimi sioni hivyo. Jozi iliyoitia uhai mieleka ya Japani haikutimiza hata mwaka mmoja, wala haikuwavua wapinzani wake wakuu mkanda wao. Hata hivyo, kila historia ya mchezo huo nchini humo huanzia kwayo. Jinsi tunavyoikumbuka leo haikutokana na nguvu za wawili hao, kwa maana aliyekuwa na nguvu na ujuzi zaidi ndiye aliyesahauliwa na umma. Ilitokana na hiari walizofanya: ni nani aliyemiliki mchezo, ni nani aliyekodiwa, ni nani aliyekubali kuanguka, na ni nani aliyekataa alipokuwa amekwisha kuchelewa. Mwenye kumiliki ndiye Rikidozan, na maisha yake yanastahili kusimuliwa kuanzia jina lake, maana hiyo ndiyo hiari ya kwanza, kama kweli ilikuwa hiari.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1924 katika mkoa wa Hamgyong Kusini, sehemu ambayo leo imo katika Korea Kaskazini. Jina alilopewa na wazazi wake ni Kim Sin-rak. Wakati huo Korea ilikuwa koloni la Japani, hali iliyoanza mwaka 1910 na kuendelea hadi 1945. Kijana huyo alikuwa hodari katika ssirum, mieleka ya jadi ya Wakorea, na huko ndiko alikoonwa na Wajapani waliokuwa wakitafuta vijana wa kupeleka Tokyo kucheza sumo. Mwaka 1940 aliingia katika kambi ya Nishonoseki. Ndio mwaka uleule ambapo serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria ya kuwataka Wakorea wachukue majina ya ukoo ya Kijapani. Wasomaji wetu, ambao babu zao waliandikishwa majina wasiyoyajua kwa ajili ya kipande au ubatizo, hawatashangaa sana.

Kambini alipewa jina la ulingoni: Rikidozan. Lina herufi tatu za Kichina, ya kwanza ikiwa na maana ya nguvu, ya pili njia, na ya tatu mlima. Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu hili ni jambo la taaluma yangu. Herufi za Kichina huandika maana kabla ya kuandika sauti. Tunaweza kuzifananisha na tarakimu. Mtu akiandika 7 ubaoni, Mswahili atasoma saba, Mwingereza atasoma kwa lugha yake, na Mkikuyu naye kwa yake, ilhali ubaoni hakuna kilichobadilika. Ndivyo lilivyo jina hilo. Mjapani huzitazama herufi tatu akasema Rikidozan; Mkorea huzitazama hizo hizo akasema Yokdosan. Kwa hiyo mtu huyu alitembea maisha yake yote na jina lililoweza kumtaja kwa lugha mbili, na kwa miaka zaidi ya ishirini alijitahidi lisomwe kwa moja tu.

Katika orodha za sumo aliandikwa hapo mwanzo kuwa mtu wa Korea. Baadaye orodha zikabadilika, naye akawa mzaliwa wa Nagasaki, nyumbani kwa ukoo wa Momota uliokuwa na mkono katika kumleta Japani. Kisha akaandikishwa rasmi katika ukoo huo kwa jina la Momota Mitsuhiro. Kuanzia hapo kitabu cha serikali kilisema ni Mjapani, mzaliwa wa Omura, na yeye mwenyewe hakusema vingine hadharani. Kuna wanaomlaumu kwa hilo. Mimi sina ujasiri wa kumlaumu mtu aliyekua katika nchi ambamo jina la mama yake lingemfungia milango. Nitakuwa na lawama nyingine mbele, lakini si hii.

Katika sumo alipanda haraka. Mwaka 1946 aliingia daraja la juu, na hatimaye akafika cheo cha sekiwake, ambacho ni cha tatu kutoka juu, chini ya ozeki na yokozuna. Mwanasumo anapostaafu, shungi lake la nywele hukatwa katika sherehe, na wakubwa na marafiki hukata kidogo kidogo kwa mkasi, kila mmoja kwa zamu yake. Rikidozan hakungoja sherehe. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 25, alilikata shungi lake kwa mkono wake mwenyewe na kuondoka. Sababu zimetajwa nyingi: maradhi, madeni, ugomvi na mkuu wa kambi, na hisia kwamba Mkorea hangeruhusiwa kupanda zaidi. Huenda zote zilikuwamo. Lililo bayana ni kwamba aliuacha mchezo wenye heshima kuu nchini humo bila kuwa na mchezo mwingine wa kuushika, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya mfadhili wake, Nitta Shinsaku.

Mwaka uliofuata, kundi la wanamieleka kutoka Marekani lilikuja Tokyo kwa maonyesho ya hisani. Miongoni mwao alikuwamo Harold Sakata, mzaliwa wa Hawaii aliyetwaa nishani ya fedha ya kunyanyua uzani katika Olimpiki ya London ya 1948, ambaye wapenzi wa sinema watamkumbuka kama yule mtumishi mwenye kofia ya chuma katika filamu ya James Bond iitwayo Goldfinger. Rikidozan alifunzwa kwa muda mfupi na Bobby Bruns, kiongozi wa kundi hilo, na tarehe 28 Oktoba 1951 akapanda ulingoni dhidi ya mwalimu wake huyo. Walitoka sare baada ya dakika kumi. Mwaka 1952 alikwenda Hawaii kufundishwa na Oki Shikina, kisha akavuka hadi San Francisco.

Huko Marekani alijifunza jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko mbinu zote za kukaba na kubwaga. Katika ulingo wa Wamarekani wa siku hizo, miaka michache baada ya vita, mwanamieleka mwenye sura ya Kijapani alipewa kazi moja tu: kuwa mhaini. Alitakiwa ainame kwa adabu ya uongo, kisha ampige mwenzake kutoka nyuma, ili umma umchukie na ulipe kuja kumwona akiadhibiwa. Rikidozan aliutazama mtambo huo ukifanya kazi akatambua kwamba unaweza kugeuzwa. Mtambo huo huo ukipelekwa Tokyo, mhaini angekuwa mzungu, na mwenye kuadhibu angekuwa yeye. Aliporudi mwaka 1953 akaanzisha shirika la mieleka la Japani kwa msaada wa Nitta na wafadhili wengine. Tuzingatie hilo: hakurudi kuajiriwa. Alirudi kuwa mwenye duka.

Duka lilihitaji bidhaa, na bidhaa ya kwanza ilikuwa mapambano ya jozi. Aliwaalika ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe, waliokuwa wakitamba San Francisco kama mabingwa wa dunia wa mieleka ya wawili wawili. Walikuwa majitu yaliyokaribia urefu wa mita mbili. Kwa kweli walikuwa Wakanada kutoka Hamilton, lakini machoni mwa umma wa Japani, ambao utawala wa kijeshi wa Marekani ulikuwa umekwisha nchini mwao Aprili 1952 tu, walikuwa Wamarekani, na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha. Sasa ilibakia kutafuta mwenzi, na hapa ndipo anapoingia Kimura Masahiko.

Ni vigumu kumweleza Kimura bila kuonekana unatia chumvi. Alizaliwa Kumamoto mwaka 1917. Alitwaa ubingwa wa judo wa Japani nzima miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1937 hadi 1939, na baada ya vita akaupata tena mwaka 1949 kwa kugawana na mwenzake. Wengi wa waliopata kuujua mchezo huo humhesabu kuwa mwanajudo mkuu kuliko wote. Tarehe 23 Oktoba 1951, siku tano tu kabla ya Rikidozan kupambana na Bruns, Kimura alikuwa katika uwanja wa Maracanã huko Rio de Janeiro, mbele ya umma mkubwa, akipambana na Helio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujutsu ya Brazil. Lile halikuwa pambano la kupangwa. Alimkunja mkono nyuma hadi ukavunjika, na upande wa Gracie ukasimamisha mchezo.

Kwa nini mtu wa namna hiyo akubali kazi ya kubwagwa kwa mpango? Jibu ni fedha, na fedha zenyewe zilikuwa za dawa. Mkewe alikuwa na kifua kikuu, na dawa mpya za ugonjwa huo zilikuwa ghali mno. Kimura alikuwa amejiunga na jaribio la kuanzisha judo ya kulipwa mwaka 1950, jaribio lililokufa haraka, kisha akaenda ng'ambo kupigana kwa malipo. Aliingia katika mieleka kama fundi anavyoingia katika kibarua: afanye, alipwe, arudi nyumbani. Rikidozan aliingia kama mtu anayejenga nyumba. Tofauti hiyo haikuonekana siku walipopeana mikono. Ilionekana baadaye, na ndiyo kiini cha kisa chote.

Tarehe 19 Februari 1954, katika ukumbi wa sumo wa Kuramae mjini Tokyo, wawili hao walipanda dhidi ya ndugu Sharpe. Ni lazima nieleze hali ya televisheni nchini humo, kwani bila hiyo hatutaelewa kilichotokea. Shirika la umma, NHK, lilianza matangazo ya televisheni Februari 1953 likiwa na wateja 866 tu waliojiandikisha. Kituo cha kibiashara cha NTV kilifuata Agosti mwaka huo. Televisheni ya kwanza iliyotengenezwa nchini na kampuni ya Sharp iliuzwa kwa yeni 175,000, kiasi kilichokuwa mara nyingi zaidi ya mshahara wa mwezi wa karani. Kwa kuwa watu hawakuweza kununua, NTV iliweka televisheni katika viwanja na mbele ya stesheni, watu wasimame watazame bure. Usiku huo maelfu walijaa barabarani na kunyoosha shingo, wengi wao wakiwa hawajapata kuiona mieleka ya aina hiyo maishani mwao.

Walichokiona kilikuwa hiki. Majitu yale mawili yanamdhulumu Kimura, mfupi na mpana, yakimfanyia mchezo mchafu mwamuzi anapogeuka. Kimura anahangaika, anatambaa kuelekea pembeni, anaunyosha mkono. Rikidozan anaguswa, anaingia, na kwa ubavu wa kiganja anaanza kumshushia mzungu mapigo kifuani hadi anayumba. Umma unalia kwa furaha. Katika mkondo wa kwanza Rikidozan alishinda. Katika wa pili Kimura alibwagwa. Wa tatu ukaisha kwa sare. Ziara ya ndugu hao iliendelea katika miji mingine kwa mtindo huo huo. Kimura ndiye aliyeumia, Rikidozan ndiye aliyeokoa.

Msomaji aliyewahi kusimulia ngano anaitambua mara moja sarufi yake. Katika kila ngano kuna mtenda na kuna mtendwa. Kisa hakiwezekani bila mtendwa, maana pasipo wa kuokolewa hakuna mwokozi. Lakini wasikilizaji wanaporudi nyumbani hutaja jina la mtenda. Kimura alikuwa kiini cha mafanikio yale. Kila alipobwagwa aliongeza thamani ya pigo la mwenziwe. Ujuzi wake mkubwa ndio uliomwezesha kuanguka vizuri, na kuanguka vizuri ndiko kulikomfanya aonekane dhaifu. Sijui mchezo mwingine ambamo ustadi wa mtu hutumika kwa ukamilifu namna hiyo kumshusha mwenyewe.

Fahali wawili hawakai zizi moja, hasa ikiwa zizi ni la mmoja wao. Kimura alijitenga, akaanzisha kundi lake dogo kwao Kumamoto, na kabla mwaka haujaisha akaliambia gazeti moja kubwa kwamba kazi yake katika jozi ile ilikuwa kushindwa kwa makusudi, na kwamba katika pambano la kweli angemshinda Rikidozan. Kauli hiyo ilitishia duka zima. Ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mieleka ni maigizo, na kwamba nyota wa maigizo si mpiganaji bora. Pambano likatangazwa la kuamua ubingwa wa kwanza wa uzito wa juu wa Japani, lifanyike tarehe 22 Desemba 1954 katika ukumbi ule ule wa Kuramae.

Baadaye Kimura alisimulia kwamba walikuwa wamepatana pambano liishe kwa sare, ili warudiane na kugawana mapato kwa muda mrefu. Rikidozan naye hakukanusha kwamba sare ilizungumzwa, bali alidai kwamba pendekezo lilitoka kwa Kimura na kwamba Kimura ndiye aliyemghadhabisha ulingoni kwa teke la chini ya kiuno. Kuhusu kilichotokea hakuna ubishi, kwa sababu filamu ipo. Mchezo ulianza kwa utulivu, kama watu wanaofuata mapatano. Ghafla Rikidozan akabadilika. Akaanza kumpiga Kimura kwa kweli, usoni na shingoni, akamsukuma hadi kwenye kamba, akampiga mateke alipokuwa ameinama. Kimura, ambaye hakuwa amejitayarisha kwa vita, alianguka kifudifudi na damu ikaenea juu ya ulingo. Pambano likasimamishwa baada ya dakika zipatazo kumi na tano.

Wapo wanaolitetea tendo hilo kwa hoja ya kibiashara, kwamba Kimura ndiye aliyevunja siri kwanza, na mwenye siri ana haki ya kuilinda. Hoja hiyo naielewa, ila siikubali. Katika mieleka ya kulipwa kila mtu huukabidhi mwili wake kwa mwenziwe. Unapojirusha, yeye ndiye anayehakikisha shingo yako haivunjiki. Hicho ndicho kiapo cha kazi hiyo, nacho kina uzito zaidi kwa watu waliowahi kusimama upande mmoja wa kamba. Rikidozan angeweza kumshinda Kimura kwa njia nyingine. Yeye alikuwa na shirika, televisheni na wafadhili, ilhali Kimura alikuwa na uhodari wake tu. Alichagua kuchukua hata huo. Kwa hiyari hiyo alijihakikishia kwamba jozi ya Februari haingekumbukwa kamwe kuwa jozi ya watu wawili sawa. Tangu Desemba ile, kila anayesimulia kisa cha ndugu Sharpe husimulia ushindi wa mtu mmoja aliyekuwa na msaidizi.

Hesabu ya Kimura, hata hivyo, haikufungwa siku hiyo. Aliendelea na mieleka kwa miaka kadhaa kisha akarudi kwenye judo, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Takushoku alikosoma ujanani. Walimu watapenda kujua kwamba miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Doug Rogers wa Kanada, aliyetwaa nishani ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, na Iwatsuri Kaneo, aliyetwaa ubingwa wa Japani nzima mwaka 1971. Alifariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 75. Na Wabrazili, kwa heshima ya adui aliyewavunjia mtu wao mkono, waliipa ile mbinu ya kukunja mkono jina lake. Leo katika kumbi za mazoezi za nchi nyingi, kijana asiyejua lolote kuhusu Japani huambiwa na mwalimu wake afunge kimura, naye akafunga. Jina la mtu limekuwa nomino ya kawaida, kama lilivyokuwa jina la mhandisi Rudolf Diesel, ambalo sisi hulitamka dizeli katika kila kituo cha mafuta bila kumfikiria mwenyewe. Hakuna mbinu yoyote inayoitwa rikidozan.

Yaliyofuata katika maisha ya Rikidozan nitayapitia upesi, kwa maana ni mafanikio tu juu ya mafanikio, na mafanikio hayana mengi ya kueleza. Wenzi wake wa baadaye ulingoni, kina Endo Kokichi, Azumafuji aliyekuwa yokozuna, na Toyonobori, walijua nafasi yao tangu mwanzo na hawakuihoji. Mwaka 1956 yeye na Endo waliwavua ndugu Sharpe mkanda mjini Osaka, jambo ambalo halikuwezekana pamoja na Kimura. Tarehe 7 Oktoba 1957 alipambana na bingwa wa dunia, Lou Thesz, kwa dakika sitini bila mshindi. Mwaka uliofuata akamshinda mjini Los Angeles. Kuanzia 1959 aliandaa mashindano ya kila mwaka ya wageni kutoka pande zote za dunia, na akayashinda yote matano yaliyofanyika uhai wake, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyapanga. Alijenga jumba la michezo huko Shibuya lililofunguliwa 1961, akawa na majumba ya kupangisha na kilabu cha usiku, akaanza kutengeneza uwanja wa gofu.

Siri yake iliendelea kumwandama. Mwaka 1958 kijana wa Kikorea, Kim Il, aliingia Japani bila kibali kwa ajili ya kumtafuta, akakamatwa. Rikidozan akamsaidia hadi akaruhusiwa kubaki, akamfundisha, akampa jina la Kijapani la Oki Kintaro. Tazama jinsi alivyomrudia kijana huyo yale yale aliyofanyiwa yeye. Mapema mwaka 1963 alizuru Korea Kusini bila kuwatangazia mashabiki wake nyumbani, na magazeti mengi ya Japani, yaliyojua ukweli, yakanyamaza. Kaskazini, alikozaliwa, alikuwa ameacha binti ambaye hakuweza kumtaja.

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1963, katika kilabu kimoja cha usiku huko Akasaka, aligombana na kijana wa genge la wahalifu, akachomwa kisu tumboni. Jeraha halikuonekana kuwa la kuua. Alipasuliwa, akaonekana anapata nafuu, hali ikabadilika, akapasuliwa tena, na tarehe 15 Desemba akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 39, na alikuwa ameoa miezi sita tu iliyotangulia. Alizikwa katika hekalu la Honmonji, Ikegami, mjini Tokyo, mahali ambapo sanamu yake ya kifua hutazama wageni, mikono imekunjwa.

Aliacha wanafunzi wawili ambao alikuwa amewapandisha ulingoni kwa mara ya kwanza siku moja, tarehe 30 Septemba 1960. Mmoja alikuwa Baba Shohei, jitu lililokuwa likirusha mpira wa besiboli kwa timu ya Yomiuri. Alipewa mpinzani wa kumshinda. Mwingine alikuwa Inoki, kijana aliyemkuta Brazil, ambako familia yake ilihamia. Huyu alipewa Oki Kintaro, akashindwa. Hata katika siku yao ya kwanza mwalimu alikuwa ameshaamua nani atangulie. Baada ya kifo chake, shirika liliwaunganisha Baba na Inoki wakawa jozi iliyotawala kuanzia 1967. Walidumu hadi Desemba 1971, Inoki alipofukuzwa kwa tuhuma za kutaka kulipindua shirika. Mwaka 1972 kila mmoja alianzisha shirika lake, Inoki mnamo Januari na Baba mnamo Oktoba, na lile la Rikidozan, likiwa halina tena nyota, likafungwa mwaka 1973. Walisimama upande mmoja wa kamba mara moja tu baada ya hapo, Agosti 1979, katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo. Tofauti na walimu wa jozi yao, hawa hawakuwahi kupigana kuamua nani mkubwa. Umma uliwadai pambano hilo kwa miaka mingi, halikufanyika, na kwa sababu hiyo hadi leo wanatajwa pamoja na mabishano juu yao hayajaisha.

Inoki aliingia siasa, akawa mbunge. Tarehe 28 na 29 Aprili 1995 aliandaa mieleka katika uwanja mkubwa wa Pyongyang, na mojawapo ya sababu alizozitoa ni kwamba hiyo ndiyo nchi alikozaliwa mwalimu wake. Muhammad Ali alikuwa miongoni mwa wageni. Umma uliojaa uwanjani haukuwa na mazoea ya kuona mieleka ya kulipwa, na wengi hawakujua washangilie lini. Lakini jina la mwalimu walilijua, maana serikali yao ilikuwa imechapisha vitabu juu yake. Walilitamka Yokdosan.